Matairi ya Upande wa Kulia

Suovaara,
Kuusamo.
26 Novemba 2019

Mpendwa wifi yangu Sinikka,

Amani ya Mungu iwafikie wewe na Kalervo huko Hispania mnakoanika nguo nje hata mwezi wa kumi na moja. Hamjambo? Kifua cha Kalervo kimetulia? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Niandikie ukweli wenyewe, si ule ukweli wako wa kwenye simu ambapo kila kitu "si kibaya sana".

Sisi huku ni wazima kwa rehema za Bwana. Theluji ilikuja mapema, ikaondoka, ikarudi, na sasa imeamua kukaa. Vidole vyangu vinauma asubuhi mpaka nivishikishe kikombe cha kahawa. Macho ya kaka yako Reijo hayajawa mabaya zaidi, wala mazuri. Daktari anasema presha ya macho ikisimama palepale ilipo tushukuru, nasi tunashukuru, ingawa Reijo hushukuru huku amekunja uso. Tangu wamchukulie leseni, hukaa kwenye kiti cha abiria kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi.

Mama yetu Lempi tulimtembelea wiki iliyopita kwenye nyumba ya wazee. Alinitambua. Alisema, "Wewe ndiye mke wa Reijo, yule wa uji mzito." Kisha akauliza kama tumeshabadili matairi, tukatoa yale ya kiangazi na kufunga yale ya baridi. Anamuuliza kila anayeingia, hata mchungaji, hata yule muuguzi anayekuja kazini kwa miguu. Nilipomwambia kwamba mnakuja Krismasi kwa ajili ya sherehe yake ya miaka tisini alifurahi sana, akanishika mkono, akasema, "Na matairi je?"

Ndipo nikakumbuka kwamba barua yako nayo iliniuliza hilohilo. Umesema mnataka kuja na gari lenu, Kalervo anabishana na fundi wa huko, na unataka nikwambie ni matairi ya kampuni gani yaliyo bora, maana nyumba ya Reijo siku zote imekuwa na jibu. Wifi, umenigusa pabaya. Keti, jimiminie kahawa, maana jibu langu ni refu na ndani yake mna mambo ambayo sijamwambia mtu mwingine.

Unajua jinsi mambo yalivyokuwa. Tangu tuoane, matairi ya nyumba hii yalichaguliwa na Reijo peke yake. Alinunua yale ya kampuni ya nchini kwetu, yenye misumari midogo ya kung'ata barafu, kila mara, na mtu akitaja mengine alimtazama kama aliyeacha imani. Mimi nilijua tu kwamba ni meusi na yako manne. Lakini mwaka huu Anniina wetu alikuwa anamngoja mtoto wake wa sita, wadi ya wazazi ya hapa karibu ilishafungwa, na hospitali inayopokea wazazi sasa iko zaidi ya kilomita mia mbili. Mume wake Juuso anachimba madini upande wa Sweden, anakuja na kuondoka. Baba yake haoni. Kwa hiyo uchungu ukimshika binti yangu katikati ya barafu, wa kushika usukani ni mimi. Matairi ya zamani yalikuwa yamebaki na misumari michache kama meno ya mzee. Hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kupotea.

Nikaanza kuuliza watu. Kosa kubwa. Siku moja baada ya ibada, tulipokaa kwa kahawa kwenye nyumba ya sala, nilisema kwa sauti ndogo tu kwamba nahitaji matairi. Ungedhani nimetupa jiwe kwenye mzinga.

"Dada Aulikki, chukua ya Kifaransa," akasema Toivo Säkkinen, yule aliyekuwa dereva wa basi. "Mimi nimeyaendesha mpaka Norwei na kurudi."

"Ulirudi umevutwa na lori," mkewe Kerttu akadakia.

"Ile ilikuwa gia boksi!"

"Ehe. Na matairi yakazunguka vizuri sana nyuma ya lori."

Mwingine akasema Wajerumani ndio wanaojua mpira. Mwingine akasema matairi yasiyo na misumari ndiyo ya kisasa, hayapigi kelele wala hayachimbi lami, na Toivo akamjibu kwamba watu wa matairi yasiyo na misumari wanajiona watakatifu kuliko wenzao mpaka siku ya mvua ya barafu, ndipo utawakuta mtaroni wakiungama. Tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nawaangalia usoni. Kila mmoja alisifu yale aliyokwisha kununua. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mimi nilikosea." Nikajiuliza, watu wazima wote hawa, hakuna aliyewahi kununua tairi baya?

Pale mezani Esko Lämsä alikuwa kimya, anakoroga sukari. Unamkumbuka Esko, yule anayeanzisha nyimbo, mwenye duka la matairi barabara kuu. Alipomaliza kukoroga akasema polepole, "Pita dukani, dada. Kuna seti nimekuwekea."

Nimekuwekea! Sinikka, nani alimwambia aniwekee? Nilikuwa sijawahi kumtajia neno. Nikamtazama Reijo, na kaka yako alikuwa anaangalia mkate wa iliki kama anayeuona mara ya kwanza, naye haoni vizuri hata mkate.

Nilisoma pia lile gazeti la magari linalopima matairi kila vuli. Juuso aliniachia. Wanayapanga kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, na alama, na picha za gari likisimama kwenye barafu. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini nilipofungua ukurasa wa pili, tangazo kubwa la nani? La yule aliyeshika nafasi ya kwanza. Na nani anayenihakikishia kwamba tairi linalopelekwa kwa wapimaji ndilo hilohilo linaloletwa Kuusamo? Mimi nikimpelekea mchungaji mikate huchagua ile iliyoumuka vizuri. Gazeti nikalikunja, nikawashia jiko.

Basi tukaenda dukani kwa Esko. Seti yenyewe ilikuwa ya kampuni yetu ileile ya Reijo, lakini muundo wa mwaka uliopita, na bei akaipunguza kabla sijafungua mdomo. Unajua mimi nilivyo. Anayekupunguzia bila kuombwa, huwa najiuliza anataka kuondoa nini ghalani mwake. Nikamuuliza, "Ni mapya haya?"

"Mapya kama mtoto wa jana, dada."

"Yamelala hapa muda gani?"

"Tairi halilali. Linasubiri."

Ndivyo alivyonijibu, akicheka. Kisha akanielekeza chumba cha kahawa, akafunga mlango wa karakana kwa sababu ya baridi. Kwa sababu ya baridi, alisema. Niliporudi na kikombe mkononi, nikawakuta yeye na Reijo wamesimama nyuma ya rundo la matairi, vichwa karibu karibu, wananong'ona. Waliponiona wakanyamaza. Esko akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Wanaume wawili wa Suovaara wakianza ghafla kuzungumzia hali ya hewa mbele ya mwanamke, jua kuna jambo.

Wakati wa kuondoka akaniambia niendeshe kwa upole kilomita mia chache za mwanzo, nisifunge breki ghafla wala kukanyaga mafuta kwa nguvu, ili misumari ikae vizuri kwenye mpira, na baada ya kilomita mia nikaze nati. Nikasema asante. Moyoni nikasema, tairi gani hili linaloomba lisitumiwe? Njiani yalivuma. Reijo akasema, "Ndivyo yanavyoimba yakiwa mapya." Nikamjibu kwamba Esko amekwisha niimbia vya kutosha.

Nyumbani nikampigia Juuso huko machimboni. Mkwe wangu huyu ni kijana wa maneno machache, lakini akisema anasema. Akaniambia, "Mama, ubavuni mwa tairi tafuta kijumba kama yai. Ndani yake kuna tarakimu nne. Mbili ni wiki lilipotengenezwa, mbili ni mwaka. Usiamini maneno ya mtu, amini kijumba. Tairi likizeeka mpira unakuwa mgumu kama kwato, hata kama halijawahi kugusa barabara. Kwenye barafu halishiki kitu."

Nikavaa buti, nikatoka. Tairi la mbele la kushoto, upande wa dereva, kijumba kipo, la mwaka huu. La nyuma yake, kipo, la mwaka huu. Nikaona haya kidogo kwa kumfikiria Esko vibaya. Nikazunguka upande wa kulia. La mbele, hakuna. Nikafuta theluji kwa mkono, nikavaa miwani, nikamulika kwa tochi. Jina la kampuni lipo, maua maua yapo, mshale upo, kijumba hakuna. La nyuma, vilevile. Nikasimama pale uani, wifi, na damu ikanipanda. Mawili mapya upande ambao dereva hupandia na kuona kila siku. Na mawili yasiyo na tarehe upande ambao binti yangu angelala.

Ungekuwa mimi ungefanyaje? Ungemuuliza mumeo. Lakini mumeo ndiye aliyekuwa ananong'ona. Na siku mbili zilizofuata alizidi kunitia wasiwasi, simu ikilia anaichukua na kwenda nayo kwenye banda la kuni. Nilipita kuchukua kuni ambazo sikuzihitaji, nikamsikia akisema, "Hapana, yeye hajui. Acha kwanza." Nikarudi ndani na kuni zangu. Nilijua basi kwamba wamekula njama. Pengine Esko alikosa mawili ya kukamilisha seti, akamwambia Reijo yatafaa tu msimu huu, na Reijo akakubali ili nisisumbuke. Wanaume hupenda kutusaidia tusisumbuke.

Jumapili ikafika. Nilikuwa zamu ya kahawa kwenye nyumba ya sala. Esko akaja moja kwa moja kwangu, mkono ameunyoosha, "Amani ya Mungu, dada Aulikki." Nikainua sinia, nikashika kwa mikono miwili, nikapita.

Unajua maana yake kwetu. Wewe umekaa mbali miaka mingi lakini hujasahau. Mtu anaweza kumnyima mwenzake maziwa, anaweza kumnyima gari, lakini salamu ile! Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akautia mfukoni. Wimbo wa kufunga alianzisha chini mno, hakuna aliyeweza kuimba. Nami nilijiona nina haki, na wakati huohuo kahawa yangu nikaimwaga kwenye sinki.

Tulipotoka na kuvuka daraja, Reijo akasema:

"Umemnyima Esko salamu."

"Nilikuwa nimebeba sinia."

"Sinia lenye kikombe kimoja, Aulikki."

"Wewe huoni, umejuaje?"

"Nimesikia kinavyogonga peke yake."

Hapo nikafunguka. Nilimwambia yote, vijumba, tarehe, upande wa kulia, nong'ono, banda la kuni. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsemea, na huku naendesha. Nilidhani atakana, au atacheka. Hakufanya lolote. Tulipofika uani akasema tu, "Zima gari. Usiingie ndani."

Akashuka, akapapasa bodi mpaka akafika gurudumu la mbele kulia, akapiga magoti kwenye theluji na suruali yake ya ibada. Akavua glovu. Akapitisha vidole ubavuni mwa tairi taratibu, kama anavyopapasa uso wa mjukuu. "Huu hapa mshale," akasema. "Unaonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi. Tairi la namna hii huwezi kuligeuza ovyo. La kushoto na la kulia yametoka kwenye kalibu moja, ila moja linatazama nje kwa uso na lingine linatazama nje kwa mgongo. Tarehe imepigwa upande mmoja tu. Kushoto iko nje. Kulia iko ndani, huko chini ya gari."

"Ndivyo unavyosema wewe."

"Basi usiniamini. Ingia uangalie."

Nikaingia, Sinikka. Na sketi yangu nyeusi ya ibada, chali kwenye theluji, tochi mdomoni, kichwa chini ya gari. Jirani Kerttu alikuwa anapita na gari lao, akapunguza mwendo, akafungua dirisha: "Mama Anniina, umegongwa?" Nikamwambia hapana, nasoma. Akasema haya, Mungu akubariki, akaenda zake.

Kijumba kilikuwepo. Kichwa chini miguu juu, lakini kilikuwepo. Mwaka huu. Nikajisogeza mpaka la nyuma, mwaka huu pia. Nililala pale muda, theluji ikiniingia shingoni, nikiuona mkono wa Esko ukibaki hewani. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, nikasoma tena wiki. Matatu yalikuwa ya wiki moja. Lile la nyuma kulia lilikuwa kubwa kwa wenzake kwa wiki mbili. Nikamwambia Reijo. Akasema, "Basi mheshimu."

Nilipotoka na kujikung'uta ndipo nikamuuliza lililobaki. Kama matairi ni mazima, walikuwa wananong'ona nini?

Akavaa glovu, akapangusa theluji magotini. Kisha akasema alimwomba Esko awe tayari, saa yoyote, kuja kumpeleka Anniina hospitali. Kwamba mimi nimezoea kwenda dukani na kwenye nyumba ya sala, sijawahi kuendesha njia ile wakati wa barafu, na kwamba akisikia ninavyozuia pumzi nikiwa kwenye usukani, anaogopa. Alitaka kuniambia siku yenyewe ikifika, nisiumie mapema.

Basi hapo ndipo nilipo, wifi. Mimi nilikuwa napima matairi, na wao walikuwa wananipima mimi. Nilipika viazi, tukala, tukasoma neno, tukalala. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kusema amekosea. Niliogopa kweli. Pengine ndiyo maana nilitaka sana kosa liwe kwenye mpira.

Nilikusudia asubuhi ya Jumatatu kwenda kwa Esko kuomba msamaha. Sikuwahi. Tukiwa tunakunywa kahawa Anniina akapiga simu, chupa imepasuka, na nje ilikuwa inanyesha ile mvua inayoganda ikigusa chini. Reijo akampigia Esko kama walivyopatana. Mimi nikachukua funguo, nikampakia Reijo, nikaenda kwa Anniina, maana hata kama sitaendesha, mama yake ni mimi.

Esko alifika nyuma yetu kidogo na gari lake la kazi. Tukasimama uani kwa Anniina watu watatu, mvua inatupiga, hakuna anayemtazama mwenzake. Watoto watano wamejaa dirishani. Anniina akatoka ameshika kiuno na mkoba, akatuangalia.

"Mnangoja nini? Kura?"

Baba yake akasema, "Esko ataendesha, mwanangu."

"Esko?" Alivuta pumzi, akangoja uchungu upite, kisha akasema, "Mjomba Esko, nakuheshimu sana, lakini sizai mbele ya muuza matairi. Tena unaimba ukiendesha. Mama ndiye ataendesha. Wewe una watoto kumi na mmoja, ingia ndani uwapikie hawa uji. Maziwa yako kwenye friji."

Ungebisha nini? Esko akavua kofia, akaanza kwenda mlangoni. Nikamfuata, nikamshika mkono, mkono wenyewe ulikuwa na maji ya barafu. "Amani ya Mungu, Esko," nikasema. "Nilikufikiria mwizi. Nilidhani matairi ya kulia ni mazee. Unaweza kunisamehe?"

Hakuuliza lolote. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema kama tunavyosema, "Amini, yamesamehewa yote, katika jina na damu ya Yesu." Kisha, bila kuvuta pumzi, "Nati umekaza?"

"Nimekaza."

"Basi nenda. Leo kanyaga breki unavyotaka."

Sitakusimulia njia yote. Sikumbuki yote. Nakumbuka barabara iling'aa kama sahani iliyooshwa, na misumari ikilia chini yetu, krr krr krr, nami nikaomba isinyamaze. Anniina alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, akihesabu kwa sauti. Reijo mbele kando yangu, kimya kabisa, kaka yako ambaye hajawahi kunyamaza ndani ya gari, mikono imeshika magoti.

Tulipopita yale mabwawa, kwenye kona inayoteremka, kulungu watatu wa kufugwa walikuwa wamesimama katikati ya barabara, wanalamba chumvi ya kuyeyushia barafu, hawana habari. Nilikanyaga. Sinikka, nilikanyaga mpaka nikahisi mguu umetoka nje ya gari. Usukani ukatetemeka, gari likasaga, likasaga, likasimama. Kulungu wa mbele aliinua kichwa akanitazama dirishani, kama anayeuliza haraka ya nini. Nilimwona kidevu chake chote.

Reijo, aliyekuwa ameona kitu cheusi tu mbele yake na kusikia, akasema polepole, "Yanashika."

"Yanashika," nikasema.

"Na wewe," akasema.

"Mkimaliza kusifiana," akasema Anniina huko nyuma, "mimi hapa nina mtoto."

Nikapiga honi, kulungu wakaondoka kwa wakati wao, tukaenda.

Mtoto ni msichana, ana nywele nyingi na sauti kubwa, alizaliwa kabla hatujapata kahawa ya hospitali. Mama na mtoto wazima kabisa, utukufu kwa Mungu. Jina bado wanabishana na Juuso kwa simu. Nilipiga nyumbani kwa Anniina kujua watoto wako vipi, yule mkubwa akaniambia mjomba Esko ameunguza uji, amewafundisha wimbo mzima kwa sauti nne, na sasa amelala sakafuni na mdogo juu ya kifua chake.

Tulipotoka hospitali Reijo alizunguka gari, akagusa tairi moja moja, manne yote, halafu akaingia upande wake. Nilidhani atakaa vilevile, mikono magotini. Kabla hatujatoka mjini kichwa kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Alilala, Sinikka. Tangu leseni ichukuliwe hajawahi kufumba jicho gari likitembea. Kaka yako alilala njia nzima, anakoroma, na mimi ndiye ninayeendesha. Nililia kidogo, lakini polepole, ili nione barabara.

Sasa nikujibu swali lako. Umeuliza ni kampuni gani iliyo bora. Sijui, wifi, na yeyote anayekwambia anajua, muulize yeye ananunua wapi na shemeji yake anauza nini. Nitakachokwambia ni hiki. Chukua yaliyotengenezwa kwa barafu ya huku, si yale yanayodai kufaa majira yote, maana fundi wenu wa Hispania majira yote anayoyajua ni mawili, joto na joto sana. Tafuta kijumba. Usipokiona nje, usimnyime mtu salamu, ingia chini ya gari kwanza. Na Esko ana seti ya gari kama lenu, amesema amewawekea. Nilimuuliza ni ya wiki gani. Ananijua sasa, alikuwa ameandika kwenye karatasi tayari. Nitaenda kuhakikisha mwenyewe.

Lakini msije na hayo mliyonayo kutoka bandarini mpaka huku. Gari liacheni Helsinki kwa binti yenu Satu, Esko atapeleka matairi yenu baada ya Krismasi. Ninyi ngojeni pale meli inaposhushia watu. Nitakuja kuwachukua mimi. Reijo yuko hapa kando ananisikia nikisoma haya, anasema njia ni ndefu, anasema atakuja pia. Anataka kiti cha nyuma, anasema huko atalala vizuri zaidi.

Msalimie Kalervo, mwambie asibishane na fundi, ahifadhi pumzi zake. Msalimie Satu na mumewe. Anniina na Juuso wanawasalimu, na wale watoto watano, na huyu wa sita ambaye bado hana jina lakini ana maoni. Mama Lempi nitamwambia kesho kwamba matairi yamebadilishwa, naye ataniuliza tena, nami nitamwambia tena.

Bwana awalinde mtokapo na muingiapo, baharini na nchi kavu, mpaka niwaone mkishuka na mizigo yenu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na kukungoja,

Aulikki